MAKUNYANZI YA KINYWA

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za kandanda, hadithi za safari na mashairi ya kuagana. Leo naomba ruhusa niandike somo la elimu ya mwili, tena juu ya jambo ambalo sisi vijana wa miaka 19 hatulijali sana, yaani ngozi ya midomo na makunyanzi yanayouzunguka mdomo wa mtu aliyeanza kuzeeka. Huenda mwenzangu akacheka na kusema, "Hayo ni mambo ya akina mama." Hata mimi nilisema vivyo hivyo, mpaka jambo hili lilipoingia nyumbani kwetu Buyenzi, nalo liliingia kwa kinywa changu mwenyewe.

KISA CHENYEWE

Shangazi yangu ana miaka 52, na kazi yake ni kuuza vitenge sokoni. Mwaka jana binti yake aliposwa, na siku ya arusi ikawekwa. Jioni moja shangazi alitazama picha aliyopigwa siku ya posa, akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hebu tazama mdomo huu. Umekunjamana kama mfuko uliovutwa kamba." Siku ya tatu akaja na kikopo cha pomadi. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba pomadi ile huondoa makunyanzi na kuing'arisha ngozi. Shangazi hakumwamini mara moja, maana yeye mwenyewe ni mfanyabiashara na ayajua maneno ya sokoni. Akanipa boksi, akasema, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii, nawe unasoma sayansi. Nisomee. Je, ni salama?"

Nilisoma maneno makubwa ya Kifaransa yaliyoisifu pomadi. Pembeni, kwa herufi ndogo sana, palikuwa na jina moja refu nisilolijua. Ilinipasa kusema, "Shangazi, jina hili silijui, ngoja nikamwulize mwalimu." Lakini bibi na wadogo zangu walikuwa wamekaa wakinitazama, nikaona haya. Nikasema, "Ni nzuri, shangazi. Jipake tu."

Majuma ya kwanza ngozi yake ililainika na kung'aa, nami nikasifiwa. Mwezi wa tatu vikatoka vipele vidogo vyekundu kuuzunguka mdomo wote, vikabakiza utepe mwembamba tu karibu na ukingo wa midomo. Akiacha pomadi siku mbili, ngozi ilimwaka moto. Akijipaka tena, ilitulia. Basi akazidi kujipaka. Siku ya arusi alikaa mbele ya wageni ameishika ncha ya mtandio mbele ya kinywa, na alipocheka alicheka kwa macho tu. Katika picha zote za arusi ya binti yake wa pekee hakuna hata moja inayoonyesha kinywa chake.

Baada ya arusi nilimsindikiza kwa daktari wa ngozi. Daktari aliomba boksi, akalisoma lile jina dogo, akauliza, "Mama, nani alikuambia kwamba hii ni salama?" Shangazi hakunitazama. Alijibu, "Watu wa sokoni."

Tangu siku ile nilianza kumwuliza mwalimu wetu wa baiolojia maswali ambayo ningalimwuliza mapema. Haya ndiyo niliyojifunza.

MIDOMO ILIVYOUMBWA

Ngozi ya binadamu ina matabaka. La juu ni jembamba, nalo hujifanya upya kila mara. Chini yake liko tabaka nene lenye nyuzi za namna mbili: kolajeni, ambayo huipa ngozi nguvu, na elastini, ambayo huirudisha ngozi mahali pake baada ya kuvutwa, kama mpira. Ukibana ngozi ya mkono wako kwa vidole kisha ukaiachia, hurudi mara moja. Ukifanya hivyo katika mkono wa bibi yako, hurudi polepole. Huo ndio upungufu wa nyuzi hizo.

Midomo ni ngozi ya namna ya peke yake. Tabaka lake la juu ni jembamba kuliko la shavu, na ndiyo maana damu huonekana kwa ndani. Tena midomo haina vinyweleo wala tezi za jasho, na kwa kawaida haina tezi za mafuta. Kwa hiyo haiwezi kujipaka mafuta yenyewe kama lifanyavyo paji la uso. Katika miezi ya kiangazi hapa Bujumbura, tangu Juni mpaka Agosti, midomo hutangulia kukauka na kupasuka. Wengi wetu huilamba tukidhani twaipa maji. Kumbe mate hukauka upesi na kuondoka na unyevu uliokuwapo, na vimeng'enya vya kusagia chakula vilivyomo katika mate huichubua ngozi hiyo nyembamba.

Kuuzunguka mdomo uko msuli mmoja uliofanya duara. Kwa msuli huo twafumba kinywa, twapiga mluzi, twabusu, na twavuta kinywaji kwa mrija. Wazee wetu huku Burundi walikunywa pombe ya mtama kwa mrija waitao umuheha. Kila msuli huo unapojikaza, ngozi iliyo juu yake hujikunja. Mtoto akimaliza kupiga mluzi, mikunjo hutoweka. Lakini ngozi ikisha kupungukiwa na kolajeni, mikunjo ile hukaa pale pale kama alama za pasi katika suruali.

SABABU ZA MAKUNYANZI

Sababu ya kwanza ni umri. Tangu mtu anapokuwa mtu mzima, kolajeni ya ngozi yake hupungua polepole, yapata sehemu 1 katika 100 kila mwaka. Kwa wanawake hupungua kwa haraka zaidi katika miaka ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Huo ndio umri wa shangazi yangu. Mwanamume naye huzeeka, lakini ngozi iliyo juu ya mdomo wake ina mashina ya ndevu na tezi nyingi za mafuta, nazo huitegemeza. Basi tusijisifu, tumesaidiwa na sharubu.

Sababu ya pili ni jua. Mwanga wa jua una miali tusiyoiona kwa macho, ambayo hupenya ndani ya ngozi na kuzikata nyuzi za kolajeni. Mji wetu uko nyuzi 3 na kidogo kusini ya Ikweta, na mara mbili kila mwaka, mwezi wa Machi na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri hutusimamia utosini. Sisi wenye ngozi nyeusi tunayo melanini, nayo ni mwavuli mzuri sana. Kwa hiyo makunyanzi ya jua huchelewa kwetu kuliko kwa watu weupe. Lakini kuchelewa si kutofika. Bibi yangu aliuza ndagala ufukweni mwa Ziwa Tanganyika muda wa miaka 30, na uso wake wakusimulia habari hiyo kabla hajafungua kinywa.

Sababu ya tatu ni tumbaku. Moshi huibana mishipa midogo ya damu na kuharibu kolajeni, na kule kuivuta sigara mara kwa mara huukunja mdomo. Ndugu zangu mnaojificha nyuma ya mabweni, hili ni lenu.

Sababu ya nne wengi huisahau: meno. Midomo huegemea meno kama hema liegemeavyo nguzo. Meno ya mbele yakitoka, mfupa wa taya chini yake hupungua, na midomo huingia ndani na kukunjamana. Mtu wa namna hii aweza kununua makopo 20 ya pomadi asipate faida, hali meno ya bandia yaliyopimwa vema yangemrudishia umbo la kinywa chake.

Tena tusichanganye makunyanzi na ugonjwa. Mipasuko katika pembe za mdomo, yenye kuuma na kutoa majimaji, si uzee. Mara nyingi huletwa na kuvu, au upungufu wa madini ya chuma au wa vitamini za kundi la B, au meno ya bandia yasiyokaa sawa. Huyo hahitaji pomadi ya urembo, ila tabibu na chakula bora.

DAWA ZINAZOTUMIWA NA MADAKTARI

Je, yako matibabu ya kweli? Yako, lakini kila moja lina mpaka wake.

Liko kwanza lile linaloitwa Botox, nalo lina historia ya ajabu. Desemba 1895 katika kijiji cha Ellezelles, nchini Ubelgiji, wanamuziki wa bendi walikula nyama ya paja la nguruwe baada ya maziko. Wengi waliugua, kope zao zikalegea, wakashindwa kumeza, na watatu wakafa. Profesa Emile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent aliichunguza nyama ile, akaona kijidudu kinachotengeneza sumu kali sana, yenye kulegeza misuli. Miaka mingi baadaye, daktari Alan Scott wa Marekani aliitumia sumu ile ile, kwa kipimo kidogo mno, kunyosha macho yenye makengeza. Mwaka 1987 huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers aligundua kwamba wagonjwa wake walipoteza pia mikunjo ya kipaji. Pamoja na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaanza kuitumia kwa kazi hiyo. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani iliikubali kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi.

Tazameni basi jinsi elimu ilivyofanya: sumu iliyoua watu ikawa dawa kwa sababu ya kipimo. Lakini kuuzunguka mdomo madaktari huitumia kwa hadhari kubwa, kwa maana msuli ule hatuwezi kuulegeza tukabaki salama. Ikizidi kidogo, mtu hushindwa kupiga mluzi, hutamka vibaya, na chai humchuruzika kidevuni. Umuheha ndio usiseme! Tena nguvu yake hudumu miezi 3 au 4 tu, kisha makunyanzi hurudi.

Tiba ya pili ni kujaza. Daktari hudunga chini ya ngozi asidi ya haialuroniki, kitu kinachofanana na ute na chenye kushika maji mengi. Karl Meyer na John Palmer walikipata kwa mara ya kwanza mwaka 1934, huko New York, ndani ya jicho la ng'ombe. Nacho kimo pia katika miili yetu. Hujaza mikunjo na kunenepesha midomo kwa muda wa miezi kadha, kisha mwili hukiyeyusha. Hatari yake ni sindano kuingia katika mshipa wa damu. Mshipa ukizibwa, ngozi yaweza kufa, hata jicho laweza kupofuka. Kwa hiyo si kazi ya kufanyiwa sebuleni na mtu asiye daktari.

Tiba ya tatu ni tretinoini, ndugu ya vitamini A. Mwaka 1986 Albert Kligman wa Philadelphia na wenzake walieleza kwamba ikipakwa kwa miezi mingi husaidia ngozi iliyoharibiwa na jua. Nayo huchubua mwanzoni, haipatani na jua kali, na mwanamke mwenye mimba haruhusiwi kuitumia. Iko pia mialiko ya mwanga mkali, iitwayo leza, inayounguza tabaka la juu ili ngozi mpya iote. Kwa sisi weusi yataka fundi hodari, kwa maana yaweza kuacha mabaka meusi.

Mtaona, wasomaji, kwamba hakuna hata moja kati ya hizi inayopatikana katika kikopo cha sokoni.

VIKOPO VYA HATARI

Sasa nirudi kwenye kikopo cha shangazi. Jina lile dogo lilikuwa klobetasoli. Ni dawa ya jamii ya steroidi, tena katika zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Daktari huitoa kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa majuma machache, na kwa kawaida si usoni. Ikipakwa, huibana mishipa ya damu na kuzima uvimbe, kwa hiyo mtu hung'aa na kudhani amepona. Lakini ndani hupunguza utengenezaji wa kolajeni, na ngozi hupungua unene mpaka mishipa ionekane. Hivyo dawa iliyonunuliwa kuondoa makunyanzi ndiyo itengenezayo makunyanzi. Na vile vipele vilivyozunguka mdomo na kuacha utepe mwembamba, madaktari wavijua sana. Ni alama ya steroidi usoni. Vikipakwa tena hutulia, vikiachwa huwaka, na mtu hufungwa katika duara hilo kama ng'ombe kigingini.

Wenzake ni wawili. Wa kwanza ni zebaki, ambayo huzuia melanini isitengenezwe. Huingia mwilini kupitia ngozi, huharibu figo na mishipa ya fahamu, na hata mtoto anayelala kifuani pa mamaye aweza kudhurika. Mataifa yalipatana juu ya zebaki katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na mwaka 2023 huko Geneva yakakubaliana kwamba vipodozi vilivyotiwa zebaki, hata iwe kidogo namna gani, vikomeshwe ifikapo 2025. Wa pili ni haidrokwinoni. Mtu akiitumia miaka mingi pasipo daktari, ngozi yaweza kugeuka rangi ya buluu na weusi, na rangi hiyo ni vigumu sana kutoka. Afrika Kusini iliona wagonjwa wengi wa namna hiyo katika miaka ya 1970, na mwaka 1990 ikapiga marufuku pomadi zenye dawa hiyo. Jirani zetu wa Rwanda walianza msako madukani mwishoni mwa 2018. Hata hivyo sheria hukaa mjini, na kikopo hupita kichochoroni.

YAFAAYO KUFANYA

Kwanza, kofia, mwavuli au kivuli cha mwembe saa za adhuhuri. Pili, mafuta ya kuzuia jua kwa awezaye kuyanunua. Huko Nambour, Australia, watu wazima zaidi ya 900 walichunguzwa muda wa miaka 4 na nusu. Waliojipaka kila siku ngozi yao ilionyesha dalili za kuzeeka kwa uchache wa sehemu 24 katika 100 kuliko wenzao. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2013, na ndiyo kinga iliyothibitishwa vizuri. Tatu, midomo ipakwe mafuta mazito yasiyo na manukato, asubuhi na wakati wa kulala. Vaselini ya kawaida yatosha, tena bei yake ni ndogo. Haiondoi makunyanzi, lakini huzuia maji yasitoke. Nne, acheni tumbaku. Tano, yatunzeni meno. Sita, na hili ndilo kubwa: pomadi isiyo na orodha ya vitu vilivyomo isikanyage nyumbani kwenu, na yenye orodha isifunguliwe mpaka kila jina limejulikana.

Na mtu ambaye amekwisha tumia steroidi usoni kwa muda mrefu asiache peke yake kwa pupa, amwone tabibu. Shangazi alipewa utaratibu wa kupunguza na kuacha. Majuma ya kwanza uso ulimwaka sana hata hakwenda sokoni. Ilichukua karibu miezi minne vipele kwisha.

MWISHO

Ilinichukua muda mrefu zaidi ya huo kusema kweli. Siku moja, tukiwa wawili tu tukikunja vitenge, nilimwambia, "Shangazi, lile jina sikulijua. Niliona haya kusema." Akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Macho yako yaliyapita yale maneno madogo upesi mno. Lakini nami nilitaka uniambie ndiyo, kwa hiyo sikukuuliza mara ya pili."

Makunyanzi yake yapo pale pale, na ngozi iliyo juu ya mdomo ni nyembamba kidogo kuliko zamani. Siku hizi hucheka bila kushika mtandio. Lakini picha za arusi haziwezi kupigwa tena.

Ndugu zangu, likizo yaja. Mtakwenda nyumbani, na kwa kuwa mmesoma, mtapewa barua, hati na maboksi ya dawa, mtaambiwa, "Tusomee." Wale wanaotuuliza hawana njia nyingine ya kujua kama tumesema kweli. Ukikutana na neno usilolijua, sema hulijui, kisha liandike katika kijitabu ukamwulize anayelijua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nililijua neno hilo tangu darasa la kwanza, nikaliandika vizuri katika daftari na kupata alama zote, na siku lilipotakiwa sikulitumia.